Je, ninunue fimbo kubwa zaidi ya kumvulia straipa ufukweni?

“Mwalimu, shikamoo. Nilizaliwa Kilifi, nikakulia kwenye ngalawa ya babu na mshipi wa mkono. Sasa ninaishi Lowell, Massachusetts, na tangu mwaka jana nimeingia kwenye uvuvi wa chambo cha manyoya (fly fishing). Nina fimbo namba 9 ya futi tisa na mshipi unaoelea. Jumamosi za Julai naenda Plum Island, nafika saa nne asubuhi, naingia maji mpaka kiunoni na kutupa kwa nguvu zangu zote. Nafika mita 18. Upepo ukivuma kutoka baharini, hata 12 sifiki. Mawimbi yananizungushia mshipi miguuni. Nimepata straipa mmoja tu, wa inchi 24, tena nilipokuwa nakusanya mshipi nirudi nyumbani. Mvuvi mmoja pale ananiambia bila mita 30 najisumbua, ninunue fimbo namba 12 au niachane na manyoya. Mke wangu naye hataki kabisa niende usiku. Nifanye nini? Na nikimpata mkubwa, naruhusiwa kwenda naye nyumbani?”

Marahaba, mdogo wangu. Sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe bila kujua. Yule mmoja uliyempata alikula wakati unakusanya mshipi. Chambo kilikuwa wapi saa hiyo? Hakikuwa mita 18. Kilikuwa kinakukaribia, pengine hatua chache tu kutoka kiunoni mwako. Kwa hiyo kabla hatujagusa habari ya fimbo namba 12, tuseme kwanza pale unaposimama, kwa sababu nina hakika kubwa kwamba ndipo samaki walipokuwa kabla hujaingia majini.

Kwa wasomaji wasiomjua, straipa ni besi milia, samaki wa rangi ya fedha mwenye milia saba au minane myeusi inayokwenda kutoka shavuni hadi mkiani. Ni samaki wa bahari anayezaliwa kwenye maji baridi ya mito. Wengi wa pwani ya mashariki ya Marekani hutokana na mito inayoingia ghuba ya Chesapeake, mto Delaware na mto Hudson. Wakishataga majira ya kuchipua, wakubwa hupanda kaskazini wakiufuata msafara wa dagaa, wanafika Massachusetts kuanzia Mei, wanakaa kiangazi chote, na kuanzia Septemba wanaanza kuteremka tena kusini. Huyu si samaki wa kilindini. Maisha yake mengi anayamaliza karibu na nchi kavu, kwenye milango ya mito, miambani na kwenye mawimbi ya ufukweni, na ndiyo maana mtu asiye na chombo anaweza kumfikia.

Sasa hiyo mita 30. Aliyekuambia hakusema uongo mtupu. Ziko siku straipa wako nje kabisa, ndege wanapiga mbizi mita 60 kutoka ufukweni, na mwenye manyoya hubaki kutazama tu. Lakini siku hizo hata mita 30 hazikufikishi. Siku za kawaida, na hasa saa za giza, samaki yuko ndani ya mita 15 za kwanza, na mara nyingi ndani ya mita tano. Tatizo lako ni kwamba hizo mita 15 unazikanyaga kwa miguu kisha unatupa mbele yake.

Nieleze kwa nini anakuja karibu hivyo, maana ukilielewa hili mengine yote yatajipanga. Ufukwe wa mchanga ulio wazi kama Plum Island haushuki kwa mteremko mmoja. Wimbi linapoingia maji machache, chini yake hukwaruza mchanga, na linapofika mahali ambapo kina kimekaribia kimo chake, linavunjika. Mchanga unajikusanya hapo na kujenga fungu. Kati ya fungu na nchi kavu unabaki mfereji wenye kina zaidi, wakati mwingine mmoja, wakati mwingine miwili. Maji yote yanayorushwa na mawimbi kupita juu ya fungu ni lazima yarudi baharini. Hayawezi kurudi njia yaliyojia kwa sababu wimbi jingine linayafuata, basi yanatembea ndani ya mfereji sambamba na ufukwe mpaka yakute mlango kwenye fungu, na hapo yanatoka kwa kasi.

Mkondo huo unabeba kila kitu kisichojiweza. Kaa waliofukuliwa na mawimbi, dagaa waliochoka, na wale samaki wembamba mfano wa penseli wanaojifukia mchangani, ambao kwenye pwani hiyo ndio chakula kikuu cha straipa kwa sehemu kubwa ya kiangazi. Straipa ana mkia mpana na nguvu za kufyatuka, lakini hapendi kupigana na mkondo saa nzima. Anajiweka ukingoni, pale maji ya kasi yanapogusana na maji yaliyotulia, na anangoja aletewe. Kwa hiyo kuna sehemu tatu za kuanzia: kingo za mlango wa fungu, mfereji wenyewe, na ule ukingo wa mwisho kabisa ambapo wimbi linaanguka miguuni pako na kuchimba shimo dogo. Hapo pa mwisho, usiku, utamsikia akila kwenye maji ambayo kwa shida yanaufunika mgongo wake.

Ukifika, basi, usiingie majini. Simama kwenye mchanga mkavu au uliolowa tu. Usitupe moja kwa moja kuelekea Ulaya. Tupa kwa mshazari, kiasi cha nusu kati ya kutazama bahari na kutazama pembeni, mita 10 au 12, ili chambo kisafiri kwa muda mrefu kando ya ukingo badala ya kuukata mara moja. Ukimaliza pande zote mbili, sogea hatua kumi ufukweni, rudia. Baada ya hapo ndipo unaweza kuingia maji ya vifundoni, na magotini ukitaka kufika mbali kidogo. Kiunoni hakuna kazi ya kukupeleka, na kuhusu usalama nitarudi.

Utajuaje mfereji uko wapi na mlango uko wapi? Mchana huo unaoupoteza kwa kutupa, utumie kutazama. Nenda siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa kabisa, panda mahali palipoinuka kidogo panaporuhusiwa, na ufukwe utakuonyesha mifupa yake yote. Mawimbi yanapovunjika na kutoa povu jeupe, hapo ni fungu. Pale kwenye mstari huo huo ambapo hayavunjiki na maji ni meusi zaidi, hapo ni mlango. Piga picha, na weka alama ya nchi kavu: nguzo, paa la nyumba, njia ya mbao. Kumbuka tu kwamba dhoruba moja inaweza kuhamisha kila kitu, kwa hiyo ramani ya Juni si ya Oktoba.

Na hapa Kilifi imekupa mtaji ambao wenzako wa pale wanautafuta vitabuni. Bahari ya Newburyport, mji wa jirani na Plum Island, hupwa na kujaa mara mbili kwa siku kama ya kwenu, kila siku inachelewa kwa takriban dakika 50, na tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita mbili na nusu. Mambo ya bamvua na maji mafu unayajua tangu utotoni. Maji mafu hayana mkondo wa kutosha kumlazimisha dagaa; bamvua inao. Kwenye ufukwe ulio wazi ningependelea nusu ya pili ya maji kujaa, wakati mfereji unapata kina na samaki anaweza kuingia. Karibu na mlango wa mto au wa hori ningependelea maji yanapotoka, hasa saa mbili za mwisho, kwa sababu kila kilichokuwa ndani kinalazimishwa kupita mlango mmoja. Nitajie kanuni yoyote ya uvuvi na nitakutajia siku ilipovunjwa, lakini hii nimeiona ikishika kuliko nyingi.

Kisha saa. Saa nne asubuhi, Julai, jua kali, waogaji wamejaa: hata angekuwa bingwa wa dunia amesimama hapo, ningeweka pesa zangu kwa samaki. Straipa huona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko dagaa anaowinda, na pia anahisi mtikisiko wa maji kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake. Giza linampa faida, ndiyo maana hukaribia nchi kavu usiku na kurudi maji marefu jua likipanda. Hata wale inzi wakubwa wenye macho ya kijani wanaokung’ata Plum Island katikati ya Julai ni wa mchana; usiku wamelala.

Najua umesema mke wako hataki usiku, na simlaumu. Kuna njia ya katikati. Jua la Julai huko huchomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri. Ukifika saa tisa na nusu, unapata kama saa moja ya giza na mapambazuko yote, na saa moja asubuhi uko njiani kurudi. Mapambazuko yakikutana na maji yanayojaa, hiyo ndiyo Jumamosi ya kuchagua, na jedwali la maji litakuambia ni ipi. Usiende peke yako mara za kwanza. Mwachie mke wako jina la ufukwe na saa ya kurudi, na uiheshimu hiyo saa hata kama samaki wameanza kula.

Kuna na jambo jingine la karibu na nyumbani. Mto Merrimack unaopita Lowell ndio huo huo unaoingia baharini Newburyport. Straipa huupanda mto huo wakiwafuata samaki wanaokwenda kutaga, Mei na Juni, mpaka wanasimamishwa na bwawa la Lawrence. Hapo ni mwendo mfupi wa gari kutoka kwako. Si uvuvi wa ufukweni, lakini kwa mtu anayejifunza kutupa na kuvuta bila mawimbi kumsumbua, ni shule nzuri.

Tuje kwenye vifaa. Namba ya fimbo haielezi ukubwa wa samaki. Inaeleza uzito wa mshipi ambao fimbo imetengenezwa kuubeba. Kwenye uvuvi huu chambo ni manyoya na nywele. Hakina uzito wa kujipeleka popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na chambo kinaufuata. Kwa vipimo vinavyotumika, mita tisa za mwanzo za mshipi namba 9 zina uzito wa gramu 15 na nusu hivi, na za namba 12 zinakaribia gramu 25. Fimbo namba 12 ni ya samaki wakubwa wa bahari za joto, unaitupa mara chache unapomwona samaki. Ufukweni unatupa mfululizo kwa saa tatu. Bega litakuchoka kabla ya saa moja, na ukichoka unatupa vibaya zaidi. Namba 9 yako inatosha. Namba 10 ningeielewa kama ungekuwa unavua kwenye upepo mkali kila siku. Namba 12, hapana.

Kama una fedha ya kutumia, inunulie mshipi. Ule unaoelea una taabu kwenye mawimbi: kila wimbi linaunyanyua na kuusukuma pembeni, ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Unavuta kwa mkono ukidhani chambo kinatembea, kumbe unakusanya ulegevu tu. Chambo kimesimama au kinarudishwa na povu kwako kwa kasi kuliko unavyovuta. Samaki akikimeza na kukitema hutajua. Nina wasiwasi kwamba uliwahi kuguswa mara nyingi zaidi ya ile moja. Unaohitaji ni mshipi unaozama polepole, sentimita nne au tano kwa sekunde. Unapita chini ya povu, unanyooka, na kati ya kidole chako na ndoana hakuna kilicholegea. Pia ni mwembamba kuliko unaoelea, kwa hiyo unakata upepo vizuri zaidi. Mbele yake funga nailoni fupi, mita mbili hivi, ya nguvu ya pauni 20. Nailoni ndefu ni ya maji matulivu.

Mshipi unaojizungusha miguuni una dawa ya bei ndogo kabisa: beseni la plastiki la kuoshea vyombo. Litoboe chini maji yatoke, simamisha ndani vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya ili mshipi usijisokote, lifunge kiunoni kwa mkanda wa mpira. Mshipi unaouvuta unaanguka humo badala ya kuanguka majini. Madukani yapo yaliyotengenezwa tayari, mazuri, lakini la beseni linavua samaki wale wale. Ukiwa nalo utaona umeongeza mita tatu au nne bila kujifunza chochote kipya, kwa sababu mshipi hauinuliwi tena kutoka kwenye povu kila unapotupa.

Na upepo? Ukikujia usoni, inua mshipi juu zaidi unapoutupa nyuma na uushushe chini unapoutupa mbele, ili ufunguke karibu na maji ambapo upepo ni mdogo. Simamisha fimbo ghafla mwisho wa kila upande. Nguvu za bega hazisaidii, kule kusimama ndiko kunakorusha mshipi. Mkono wa kushoto nao uvute mshipi kwa mkato mfupi fimbo inapokwenda nyuma, na tena inapokwenda mbele. Upepo ukitoka upande wa mkono unaotupia ndio wa hatari, maana unaileta ndoana kichwani. Geuka, ipe bahari mgongo, na tupa kama unatupa nchi kavu, kisha uachie mshipi uende baharini kwenye mrusho wa nyuma. Miwani usivue, hata gizani. Zipo za vioo vyeupe. Na kabla hujatupa, tazama nyuma yako. Ufukwe una watu na mbwa.

Usichukie upepo wa kutoka baharini, ingawa unakufupishia mrusho. Ndio unaosukuma dagaa ufukweni na kuchafua maji kidogo, na straipa anaufuata. Upepo ukitoka nchi kavu unatupa vizuri sana, bahari inakuwa kimya, na mara nyingi samaki hawapo.

Kuhusu chambo sitakaa sana, kwani watu hutumia fedha na usiku mzima hapo bila sababu. Mitindo miwili inatosha. Wa kwanza ni Clouser, uliobuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980 kwa ajili ya besi wa mto Susquehanna: una macho mazito ya chuma, kwa hiyo unainama na kuzama kila unapopumzika kuvuta na kunyanyuka unapovuta. Wa pili ni Deceiver, wa marehemu Lefty Kreh, wa manyoya marefu yanayopumua majini. Posta ya Marekani iliuweka kwenye stempu mwaka 1991. Chagua urefu wa sentimita saba hadi kumi. Mweupe wenye kijani kwa mapambazuko, mweusi kwa giza. Ndiyo, mweusi; samaki anautazama kutoka chini dhidi ya anga, na kitu cheusi ndicho kinachoonekana.

Namna ya kuvuta ndiyo sehemu ambayo babu yako alishakufundisha. Wavuvi wengi wa huko walianza na samaki wa mitoni, na mazoea yao ni kuinua fimbo juu samaki anapogusa. Kwa straipa hilo linamng’oa chambo mdomoni. Elekeza ncha ya fimbo kwenye maji, mstari mmoja na mshipi, na samaki akigusa endelea kuvuta kwa mkono mpaka usikie uzito. Ni kazi ya mshipi wa mkono, hakuna tofauti. Usiku, ibane fimbo kwapani na uvute kwa mikono miwili, mkono baada ya mkono, polepole kuliko moyo unavyotaka. Vuta mpaka mwisho kabisa. Chambo kikifika kwenye ukingo wa mwisho, kiache kidogo kichezewe na wimbi kabla hujakitoa.

Je, uachane na manyoya? Nikuambie ukweli kama ulivyo. Kama unachotaka ni samaki wa mezani, fimbo ya kawaida yenye rili na chambo kizito itakufikisha mita 60 na zaidi, haisumbuliwi na upepo, na itakupa samaki wengi zaidi kwa mwaka. Manyoya yanashinda pale tu samaki wanapokula vitu vidogo karibu, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kupeleka kitu chepesi cha sentimita saba na kukitembeza taratibu mbele ya pua yake. Hali hiyo hutokea mara nyingi, lakini si kila siku. Wengi tunabeba fimbo zote mbili kwenye gari na hakuna aliyefukuzwa mjini kwa hilo.

Kwenda naye nyumbani kuna masharti. Ukiwa na miaka 16 au zaidi unahitaji kibali cha uvuvi wa bahari cha jimbo. Tangu 2023 kanuni ya pwani imekuwa samaki mmoja kwa mtu kwa siku, mwenye urefu wa kuanzia inchi 28 na asiyefika 31. Kwa hiyo si tu mdogo anayerudi majini. Mkubwa pia anarudi, kwa kuwa majike wakubwa ndio wanaobeba mayai mengi. Wako wa inchi 24 asingeruhusiwa. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, basi zitazame kwenye tovuti ya idara ya uvuvi wa bahari ya Massachusetts kila mwanzo wa msimu, na tembea na futi ya kupimia. Samaki huyu aliwahi kukaribia kumalizika. Maryland ilifunga kabisa uvuvi wake kuanzia 1985 hadi 1990, na hata sasa idadi yake si ya kuchezea.

Kumrudisha nako kuna namna yake. Tume inayosimamia uvuvi wa majimbo ya Atlantiki hukadiria kwamba asilimia 9 ya wanaorudishwa hufa baadaye. Wewe binafsi unaweza kuwa chini ya hapo: bonyeza jino la ndoana kwa koleo kabla hujaanza, usimchoshe muda mrefu, usimburute kwenye mchanga mkavu, lowesha mikono kabla ya kumshika, na picha iwe moja akiwa karibu na maji. Mshike mkia akiwa ameelekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Sasa usalama, niliouahirisha. Ile suruali ya mpira ya kuingilia majini usiivae bila mkanda uliobana kiunoni. Watu husema ikijaa maji inakuzamisha. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta chini, ila kutoka ufukweni ukiwa umebeba maji miguuni ni shida kubwa, na wimbi linalofuata halikusubiri. Usivuke mfereji kwenda kusimama juu ya fungu wakati maji yanajaa, hasa gizani, kwani mfereji nyuma yako ndio unaojaa kwanza. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie. Mlango wa Merrimack wenyewe, pale mto unapokutana na mawimbi, una sifa mbaya na unaistahili. Uutazame kwa mbali. Ukienda Cape Cod, rasi ya kusini-mashariki mwa jimbo, upande wa bahari kuu, jua kwamba papa weupe wanawafuata sili karibu kabisa na ufukwe. Mwaka 2018 mtu aliuawa na papa Wellfleet, kwenye rasi hiyo. Huko simama mchangani tu, na ukiona sili, hama.

Plum Island pia ina mipaka yake. Hifadhi ya Parker River, iliyoko hapo kisiwani, hufunga sehemu kubwa ya ufukwe wake kuanzia Aprili 1 kwa ajili ya ndege wadogo wanaotaga mchangani, na huufungua taratibu kiangazi kikisonga. Uliza getini pako wazi wapi na mpaka saa ngapi kabla hujapanga alfajiri yako. Upande wa pili wa mlango wa mto kuna ufukwe wa Salisbury.

Ndoana ikikuingia karibu na jicho au kwenye kiungo cha kidole, usiitoe mwenyewe; nenda hospitali nayo. Kiwiko au bega likiuma hata siku usizovua, pumzika na umwone daktari, kwani maumivu ya namna hiyo hayaishi kwa kuzoea. Na mrusho wako, kwa kweli, siwezi kuusahihisha kwa maandishi. Shirika la Fly Fishers International hutoa vyeti kwa walimu wa kutupa, na maduka mengi ya vifaa hivi yanamjua mmoja wa karibu. Saa moja naye uwanjani ina faida kuliko fimbo yoyote utakayonunua. Nenda na fimbo yako namba 9 na huo mshipi mpya, na mwambie mapema kwamba unataka mita 15 kwenye upepo wa usoni, si mita 30 kwenye nyasi.